Saini ya Hope

Saa nne ya asubuhi, mabasi ya mwendokasi yalikuwa yakishusha watu Manzese bila kukoma, na duka la kudurufu nyaraka lililotazamana na kituo lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Atuganile, karani wa ofisi ya Wakili Munira iliyopo Sinza, alisimama kwenye foleni akiwa amevaa sketi ya kijivu iliyopigwa pasi ikakaa sawasawa, na blauzi nyeupe iliyofungwa hadi kifungo cha shingo. Mbele yake mwanamume mrefu, mwenye vumbi la chaki kwenye kiwiko cha shati lake la bluu, alilipa, akakusanya nakala zake, akaondoka kwa haraka. Atuganile alipofunua mashine ili aweke karatasi zake, alikuta hati halisi ya umiliki imelala juu ya kioo.

Alitoka nayo mbio.

"Kaka! Kaka wa shati la bluu!"

Mwanamume akageuka, akapekua bahasha yake, akaona nakala tupu. Uso ukamshuka. "Mungu wangu! Dada, umeniokoa."

"Leo nimekuokoa. Kesho ukiisahau itaokotwa na dalali."

"Basi kesho nitakuja nawe."

"Kwa mshahara gani?"

"Chai na sambusa mbili. Mie mwalimu, dada, usinipandishie bei."

Atuganile alicheka bila kukusudia. Mwanamume alijitambulisha: Adelard Projestus, mzaliwa wa Bukoba, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari Kinondoni. Alikuwa akiuza nyumba yake iliyo ghorofa ya pili ya jengo moja huko Sinza ili anunue kiwanja Chamazi na kujenga. Dalali alikuwa amemhakikishia kwamba karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ingetosha.

"Haitoshi hata kidogo," alisema Atuganile. "Njoo ofisini kwetu."

Adelard alikuja siku iliyofuata, na ya tatu, na mara nyingine alikuja bila karatasi yoyote mkononi. Alikuwa na swali kila siku.

"Kwa hiyo ardhi si yangu?"

"Ardhi ni ya umma, mwalimu. Wewe una haki ya kuikalia kwa miaka iliyoandikwa. Jengo lenu lilipewa tisini na tisa, na thelathini imekwisha kwenda. Mnunuzi ananunua hiyo iliyobaki, pamoja na sehemu yako ndani ya jengo. Ngazi, paa na uwanja ni vya wenye nyumba wote."

"Yaani miaka yote hii nimekuwa nikijiita mwenye nyumba, kumbe ni mwenye miaka!"

"Na jioni utapiga simu kuuliza hilo hilo."

Alipiga kweli. Alipiga pia kuuliza kama amekula, na kama lile gauni la kijani alilovaa Jumapili kwenda kanisani atalirudia. Mwezi wa pili ulipokwisha, Atuganile, aliyezoea kufunga jalada na kumsahau mteja, alijikuta anaisubiri simu hiyo. Adelard alikwisha kumwambia kwamba hajawahi kuoa, na kwamba akimaliza kuuza angependa kwenda Tukuyu kumwona baba yake Atuganile.

Mnunuzi alipatikana: Mzee Aidarus, mwenye duka la vitambaa, aliyetaka kumwachia binti yake mahali pa kukaa. Upekuzi wa hati ulionyesha kwamba nyumba iliwahi kuwekwa rehani benki na mkopo ukalipwa wote. Adelard akaleta bahasha nzima aliyorudishiwa na benki, hakuifungua hata kidogo.

Atuganile aliifungua yeye. Katikati ya karatasi palikuwa na fomu ya ridhaa ya mwenzi, maana sheria hairuhusu mtu kuweka rehani makazi ya ndoa kwa siri. Iliandikwa wazi: *Mimi, Hope Projestus, mke wa Adelard Projestus, naridhia.* Saini, tarehe, muhuri.

Aliirudisha karatasi mahali pake, akafunga jalada, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani. Simu iliita mara sita. Ya saba aliipokea.

"Atu, mpenzi, unaumwa?"

"Mkeo hajambo?"

"Mke gani?"

"Hope."

Adelard akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomkera zaidi. "Hope ni mdogo wangu! Tumbo moja, baba mmoja. Ndiyo maana jina ni lile lile. Anakaa Chamazi, nitakupeleka umwone."

Hofu ya kwanza ikamtoka Atuganile, na nyingine, nzito kuliko ile, ikaingia. "Kama ni mdogo wako, kwa nini aliandika kuwa ni mke wako?"

"Fomu ilikuwa na nafasi ya mke. Nilitakiwa nile kiapo kwamba sijaoa, dalali aliyenitafutia mkopo akasema kitauchelewesha. Akaniambia, weka dada yako, saini ni saini. Hakuna aliyedhulumiwa, Atu. Deni nimelipa."

"Na sasa utauzaje? Kuuza nako kunadai ridhaa ya mwenzi, na karatasi za benki zinasema una mke."

"Mzee Aidarus ameshasema. Hope atie tena saini, mambo yaishe. Mwenye kiwanja ananingoja mpaka Ijumaa."

"Karatasi hiyo anaiandaa nani?"

Atuganile akajijibu mwenyewe.

"Ni mie, Adelard. Sikiliza. Unasema utanioa. Siku nikiwa mkeo, sheria itanipa neno moja tu juu ya nyumba yetu: kukubali au kukataa. Wewe umeshajua kwamba neno hilo anaweza kulisema mwanamke yeyote anayefanana jina na wewe. Nitalala vipi?"

Akakata simu.

Siku tatu hapakuwa na simu. Alhamisi asubuhi Adelard aliingia ofisini akiwa amevaa suti nyeusi, tai imekaza shingo. Hakumtazama Atuganile. Alimwomba Wakili Munira aandike kiapo kwamba hajawahi kuoa, na barua ya kuieleza benki kwamba ile ridhaa ilikuwa ya uongo.

"Mwalimu, unajua benki inaweza kukushtaki?" aliuliza wakili.

"Najua, mama."

"Na mauzo yatasimama mpaka waseme neno."

"Yasimame."

Mzee Aidarus, aliyekuwa ameketi pale tayari kwa kutia saini, aliinuka polepole. "Mwalimu, karatasi moja tu ya dada yako, umeishupalia hivyo? Mie sina muda wa kesi. Nitatafuta nyumba nyingine." Akatoka. Jioni, mwenye kiwanja cha Chamazi aliposikia fedha hazipo, akakiuza kwa mtu mwingine.

Ijumaa, baada ya vipindi, Adelard alimkuta Atuganile amesimama nje ya geti la shule, amevaa gauni la kijani.

"Nyumba sijauza," alisema. "Kiwanja kimekwenda. Kazi yenyewe sijui kama itabaki. Sina cha kukuonyesha, Atu."

"Sikuja kuona kiwanja."

"Basi naomba nikuulize, japo si wakati wake. Utakubali nikuoe?"

Atuganile aliangalia wanafunzi wakipita, kisha akamwangalia yeye. "Kwangu nimeshakubali. Lakini mpigie baba. Sasa hivi, nikisikia. Na usianze na habari za mahari wala za ukoo wenu. Anza na Hope."

Adelard alichukua namba, akapiga, akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Adelard Projestus, ni mwalimu hapa Dar es Salaam. Nampenda binti yako. Lakini kabla sijaomba lolote, kuna uongo nilioutia saini miaka minne iliyopita, na nataka uusikie kutoka kwangu."

"Marahaba," ilijibu sauti ya Tukuyu, taratibu. "Ngoja nivute kiti, kijana. Haya, sema."