Vidonge vya Bibi Asubuhi ya Upasuaji

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimpelekea bibi yake maji na kidonge kimoja cha presha. Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Ukimpa siri, jirani anaijua kabla chai haijapoa.

Siku ya upasuaji ilipofika, bibi alikuwa amechoka na uvimbe wake wa tumboni. Mara mbili hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani eti presha iko juu. Safari hii akameza vidonge vinne kwa mpigo.

"Bibi, si huwa kimoja?"

"Leo hawanirudishi. Na wewe funga huo mdomo, angalau mara moja katika maisha yako. Niahidi."

Chiriku akaahidi.

Hospitalini muuguzi alipima presha, akaridhika. "Asubuhi umekunywa dawa gani, bibi?"

"Kidonge changu kimoja tu, mwanangu."

Chiriku akatazama sakafu.

Upasuaji wenyewe ulikwisha salama. Lakini bibi aliporudishwa wodini, midomo yake ilikuwa imepauka na mikono imekuwa baridi. Muuguzi akapima presha mkono huu, akapima na ule, kisha akamwita daktari.

"Dripu inaingia, lakini presha bado inashuka," muuguzi alisema.

"Huenda anavuja damu ndani," daktari akajibu. "Andaeni chumba. Itabidi tumfungue tena."

Mama yake Chiriku, aliyewaleta hospitalini, akaanza kulia. Chiriku alifundishwa kwamba ahadi ni deni, lakini deni gani hili la kulipwa kwa roho ya bibi? Aliogopa mno, akasema hivyo hivyo kwa woga.

"Daktari, asubuhi alimeza vinne. Vya presha. Alinikataza nisiseme."

"Na ukanyamaza tangu asubuhi?" mama aliuliza.

Daktari hakugomba na mtu. Alipima tumbo kwa mashine, akaona halina damu, akaagiza dawa ya kupandisha presha. Bibi hakufunguliwa tena. Hata hivyo figo zake zilikuwa zimeumia kwa presha kushuka mno, na alibaki wodini muda mrefu, amevimba miguu, hana hamu ya kula.

"Mzee wa umri huu," muuguzi alimweleza Chiriku jioni ile, "hajala wala kunywa tangu jana, amepoteza damu, amepewa dawa ya usingizi. Yote hayo hushusha presha. Juu yake vidonge vinne! Nusura tumpasue bure, kwa kuwa hatukujua."

Bibi alipopata nguvu ya kusema, aliuliza nani aliyetoa siri.

"Mimi, bibi."

Macho ya bibi yakalowa. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilijua hivyo, bado nikakutwisha mtoto mzigo wangu. Mtu yeyote akikwambia umfiche daktari jambo, usimsikilize. Hata nikiwa mimi."

Chiriku akaushika mkono wa bibi. Ulikuwa na joto tena.