Mswisi wa Mtambile

Siku ile mjinga alikuwa Koplo Ishak, wala mwenyewe hakatai. Ushahidi alikuwa nao mikononi, akawa anaunusa kwa watu wengine.

Kiroba cha karafuu kavu kilitoweka ghalani kwa binamu yake, Mwalim Himid, pale Mtambile. Kufuli zima, halina hata mkwaruzo. Mwalim husomesha uchumi skuli, na kila jioni barazani huwachosha watu kwa Uswisi: kinchi kidogo, hakina mkakao hata mmoja, lakini chokoleti yake inaliwa dunia nzima. "Wenzetu wanatengeneza, sisi tunauza ghafi!" Asubuhi yake huzipeleka karafuu zake kuuza, ghafi vilevile.

Koplo alipita rundo la vifuu vya nazi lililomfika kiunoni, akaingia. Bi Asya, mke wa Mwalim, alimpakulia muhogo na changu wa kukaanga, akajitanda akatoka; shemeji kuja kula hakukuwa jambo la kuulizwa. Koplo akala, akanawa, akaanza kazi.

"Ufunguo hukaa wapi?" akamuuliza Mwalim.

"Msumarini, hapo ukumbini. Jana nilimpa Jabir, mchumaji wangu, akatoe majamvi ghalani."

"Mkeo umemuuliza?"

"Asya? Wa nini?"

Jabir akaitwa. Koplo akamshika mkono, akaunusa. "Karafuu hii!"

"Koplo, msimu huu! Mtambile nzima inanuka karafuu."

"Utayasema kituoni."

"Nikionekana kituoni leo, kesho nani atanipa mti niupande? Nna watoto mie, yakhe!"

Walipokaribia barabara, Jabir akasimama. "Haya, nusa na mkono wako."

Koplo akacheka, akanusa. Kicheko kikamkatika.

"Umeshika karafuu leo?" Jabir akamuuliza.

"Sijashika. Nimetoka mjini Chake, nikala, nika..." Akautazama mkono wake. "Nikanawa."

Walirudi mbio hadi kwenye ndoo ya kunawia. Pembeni yake palikuwa na kipande cha sabuni ya kahawia, chembe za karafuu zimejaa ndani. Bi Asya naye ndiyo kwanza anarudi.

"Shemeji," alisema Koplo kwa adabu zote, "nazi zote zile nje mmezila?"

Bi Asya akamtazama, akamtazama Jabir aliyeshikwa mkono, akaelewa. "Mwacheni huyo! Kiroba nimekichukua mimi." Akafungua kabati. Sabuni zilipangwa hadi juu, kila moja imefungwa kwa jani kavu la mgomba. "Nazi, magadi na karafuu. Hoteli moja ya Chake imeshaagiza zote, na wanataka nyengine. Jabir, mwanangu, nisamehe. Wa kunisaidia kupika sabuni ni wewe, ukitaka."

"Nataka, Bi Asya. Ila Koplo asiwe mlinzi."

Wote wakacheka, isipokuwa Mwalim.

"Asya! Unaniibia mie mumeo? Si ungenambia tu!"

"Nilikwambia mara tatu, Mwalim. Kila nikikwambia, uko Uswisi."