Waya Hauna Macho

Ndugu zangu wa Dilala, na ninyi wa Musonoi mnaopita kwetu kila siku kwa pikipiki, nipeni masikio niwasimulie yaliyoipata nyumba ya Donatien. Simfichi jina, maana mwenyewe ameniruhusu, na akisikia nimekosea atanisahihisha huku akicheka.

Donatien anauza vipuri vya pikipiki sokoni. Anaishi na mkewe Marlène na binti yao Jémima katika moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa migodi, zenye ua mpana nyuma, ambao sisi huuita lupango. Asubuhi zao zilikuwa za raha. Marlène akifagia aliimba, Donatien akamwitikia kwa sauti mbovu kutoka bafuni, na Jémima akawaomba wote wawili wanyamaze. Mwezi ule raha ilizidi, kwa sababu Jémima alikuwa amechumbiwa na Josias, na siku ya ndugu wa kijana kuleta mahari ilikuwa inakaribia.

Ndipo wezi walipoanza. Waliiba kuku, halafu bata, halafu sufuria kubwa ambayo Marlène aliiazima kanisani kwa ajili ya karamu. Kuku, Donatien aliwavumilia. Sufuria ya kanisa ilimtia aibu, na aibu ikageuka hasira. Alinunua waya mtupu, akauzungusha lupango nzima juu ya nguzo za miti, usawa wa kifua, kisha akauunganisha na umeme kwenye jiko lao la nje. Jioni aliuwasha, asubuhi aliuzima. Marlène alimsihi auondoe, naye akajibu kwamba mwizi akifia pale amejiua mwenyewe.

Jirani yao ni Twahiru, tunayemwita Tata, yaani baba, mwenye lori, mtu wa kucheka sana. Alipouona ule waya hakucheka. Alimweleza Donatien jambo ambalo halisemi ovyo. Zamani kidogo, lori lake liliharibika kwenye barabara ya Lubudi. Mtu mmoja akatoka majanini na panga, akamvuta mke wake, Latifa, kutoka kwenye kiti, akaliinua panga ampige. Twahiru alimpiga yule mtu kwa chuma cha kufungulia magurudumu, akafa. Mahakama iliona kwamba alikuwa analinda uhai, ikamwachilia. Hata hivyo, mpaka leo akifika pale huzima redio, na Latifa naye hanyanyui macho.

“Mi sikumupiga juu alikuwa mwizi,” Twahiru alisema. “Nilimupiga juu panga ilikuwa kwenye kichwa ya Latifa, na njia ingine haikukuwa. Kama angeitupa na kukimbia, ningemuacha akimbie. Sasa huyu mwizi wako, anataka kuua nani?”

“Anataka sufuria,” Donatien alijibu. “Lakini mi nitajua je kama hana panga?”

“Njo vile. Hauwezi kujua. Na waya yako nayo haiwezi kujua.”

Donatien aliahidi kuuondoa baada ya karamu. Ndugu zangu, mnajua ahadi za namna hiyo.

Sasa, umeme wetu nao una tabia zake. Siku moja ulikatika kabla ya mapambazuko. Donatien alipoamka hakuona sababu ya kuzima kitu ambacho tayari kilikuwa kimekufa, akaenda sokoni. Marlène akaenda kusaga mahindi, Jémima akaenda kwa fundi kupima nguo.

Mama Fidélie, mama mzazi wa Marlène, alitazamiwa kesho yake kutoka Lubudi. Lakini alipata gari mapema, akafika na gunia la unga na beberu mnene wa karamu. Hakukuta mtu. Mama huyu hajui kukaa bure. Alimfunga mbuzi kwenye mti, akaona beseni la nguo alizoloweka Marlène, akazifua. Kisha akaona waya mzuri umenyooshwa kwenye nguzo. Baadaye alituambia kwamba pale alimsifu mkwe wake moyoni, kwamba hatimaye amewatengenezea kamba ya maana ya kuanikia. Akaanika kitenge cha kwanza, na cha pili.

Kule sokoni, mashine za kuchomelea vyuma zilianza kunguruma na muziki ukalipuka kwenye baa. Umeme umerudi. Watu walishangilia kama kawaida, na Donatien alishangilia nao. Halafu akakumbuka waya. Alimpigia Marlène simu, ikawa imezimika, haina chaji. Aliliacha duka wazi, akarukia pikipiki ya kwanza iliyopita, akamwambia dereva aende tu, mahali atamwonyesha.

Huku nyumbani, beberu alikuwa amevutiwa na kile kitenge chenye maji. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akakivuta kwa meno, pua ikagusa waya. Alilia mara moja, akaanguka, kitenge kikiwa bado mdomoni. Mama Fidélie alidhani ameshikwa na kifafa, akaenda amshike pembe, miguu mitupu kwenye udongo wenye maji ya kufulia.

Twahiru alikuwa chini ya lori lake. Alisikia kilio, akatoka, akaona.

“Mama, simama! Usiguse!”

Mama Fidélie hajazoea kupigiwa kelele na wanaume. Alisimama, akageuka, akaweka mikono kiunoni ili amwambie jirani huyu maneno yake. Hasira hiyo ndiyo iliyomwokoa. Alipokuwa bado anamwuliza ni mtoto wa nani, Twahiru alikwisha kupita langoni, akaingia jikoni, akaung’oa ule waya kwenye umeme.

Donatien alipofika aliona vitenge juu ya waya, akaona mkwewe amesimama karibu nao. Nanyi mnajua desturi yetu, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Yeye alimkimbilia, akamkumbatia kwa nguvu, akalia.

“Donatien,” mama alisema polepole, “uko unanishika?”

Alimwacha, akarudi nyuma, akainamisha macho. Mama Fidélie alimnyooshea kidole mbuzi wake.

“Na iyi mbuji, nayo ilikuwa mwizi?”

Donatien aliingia jikoni. Alichukua koleo, akaukata waya kipande kwa kipande, Twahiru akimshikia ncha. Beberu alizikwa. Kwenye karamu walichinja bata wa kununua, na Twahiru ndiye aliyewachinja ili nyumba yake nayo ipate kula. Ilikuwa karamu nzuri. Mama Fidélie alicheza mpaka vijana wakachoka kabla yake.

Badala ya waya, mtaa mzima ulinunua filimbi. Jumapili moja, wakati wa ibada, Latifa alimwona kijana anatoka jikoni kwa Marlène amejitwika sufuria nyingine. Akapuliza. Filimbi zikaitikia kutoka kila upande, mpaka kijana akachanganyikiwa, akakaa chini mwenyewe. Jina lake Gael, mchimbaji asiye na kazi tangu shimo lao lilipofungwa. Wanaume waliotoka kanisani wakaanza kudai tairi na petroli wamchome.

Donatien alijipenyeza, akasimama mbele yake.

“Panga yake iko wapi?” aliwauliza. “Ameinua mukono juu ya nani? Amekaa chini, bandugu. Mukimuua sasa, munalinda nini? Sufuria?”

Mmoja alirudisha tairi alikolitoa, akijifanya alikuwa analipitisha tu. Gael alitembea kwa miguu yake mpaka kwa polisi, wanawake wakimsindikiza kwa filimbi.

FUNDISHO

Ndugu zangu, uhai hulindwa, na kuna siku mtu hulazimika kuulinda kwa nguvu yote aliyo nayo. Siku hiyo ni pale uhai wako au wa mwenzako uko mikononi mwa anayetaka kuuondoa sasa hivi, na njia nyingine haipo. Hatari ikipita, haki hiyo nayo imekwisha. Kuku, bata na sufuria havijafika bei ya damu ya mtu. Anayekimbia, aliyekaa chini, aliyekwisha kukamatwa, huyo ni wa sheria, si wa tairi. Na msitege kifo mkaenda kazini, kwa maana mtego haumfahamu mwizi wala mama mkwe.