Kisanduku Nyuma ya Picha

Kila asubuhi Kaisa Lahti huegesha basi la shule kando ya ziwa. Wakati huo bado hajachukua mtoto hata mmoja. Hushuka, huvuta kofia hadi masikioni, hutembea mpaka kwenye mawe ya ukingoni. Hapo hupiga picha moja tu. Halafu hurudi kwenye kiti chake, huiweka picha kwenye blogu yake, na kuwasha injini.

Mimi ni jirani yake. Nilifundisha darasa la kwanza hapa Marquette, kaskazini mwa Michigan, miaka thelathini, na bado naamka mapema kama ninayesubiriwa na kengele. Kwa hiyo najua. Ziwa Superior halirudii sura. Kuna siku ni la kijivu mpaka hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Kuna siku unalala ziwa lote ni barafu, unaamka barafu imeondoka bila kuaga. Ukilitazama sana unasahau ulikuwa unakwenda wapi.

Picha zile Kaisa alizianza kwa ajili ya baba yake, Mzee Reino. Mzee alifanya kazi kwenye meli za kubeba mawe ya chuma miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, magoti yalimkataa. Hakuweza tena kushuka ufukweni. Basi binti akamletea ziwa jikoni. Saa kumi na mbili na nusu mzee alikuwa mezani na kahawa yake, anafungua blogu, na simu inalia.

"Umeliona, baba?"

"Nimeliona. Upepo wa jana uligeuka usiku. Tazama barafu ilivyojazana upande wa kulia. Kesho itavunjika."

Na kesho yake ilivunjika.

Kisha macho ya mzee yakaanza kufifia. Pembeni aliona kidogo, lakini katikati palikuwa kama moshi. Daktari alisema moshi huo hautaondoka. Muuguzi akamwekea kwenye simu programu inayosoma kwa sauti. Ilimsomea gazeti. Ilimsomea barua. Kaisa alifurahi, akadhani shida imekwisha.

Lakini majibu ya asubuhi yakawa mafupi.

"Umeliona, baba?"

"Nimeliona."

"Likoje?"

"Zuri."

Siku moja Kaisa alikaa jikoni kwangu, hakugusa kahawa. "Mwalimu," aliniambia, "baba amelichoka ziwa. Miaka yote hiyo alilipenda, sasa ni 'zuri' tu, basi. Naona na mimi ananichoka. Asubuhi ndiyo ilikuwa saa yetu."

Nilimmiminia kahawa nyingine juu ya ile ambayo hakuinywa. Nilisikitika sana.

Sasa, kila mwaka barafu inapoanza kulegea, sisi wenye blogu na wajenzi wa tovuti wa pande hizi tunakutana katika ukumbi wa chini wa maktaba. Ni mkutano mdogo wa siku moja. Yupo anayeandika habari za nyuki. Yupo anayejenga tovuti za makanisa. Mimi nina blogu ya kufuma soksi, msinicheke. Wasemaji ni watu wetu wenyewe, na kila mmoja hupewa dakika ishirini.

Kazi yangu ni kushika kadi. Ya kwanza inasema DAKIKA TANO. Ya pili, DAKIKA MOJA. Ya tatu, KAA CHINI. Nimewanyamazisha watoto wa miaka sita. Wajenzi wa tovuti hawanitishi.

Mwaka huo Kaisa alialikwa kuzungumza kwa mara ya kwanza. Angeeleza jinsi wasomaji wake walivyotoka arobaini hadi elfu nne kwa siku. Mzee Reino alikuja kumsikiliza. Alivaa tai.

"Baba, hapa hatuvai tai."

"Binti yangu anahutubia. Mimi navaa."

Alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Dirishani theluji ilidondoka polepole, ile ya mwisho wa majira ambayo haina nia ya kukaa. Ukumbi ulinuka kahawa na pasti, zile kama sambusa kubwa za kuoka, zenye nyama na viazi.

Msemaji aliyemtangulia Kaisa aliitwa Delphine Beaudry. Alikuja kutoka Escanaba na fimbo nyeupe. Alipoteza macho akiwa na miaka tisa, na kazi yake ni kupima tovuti kama zinasomeka kwa wasioona.

"Habari zenu," alisema. "Kwa mlio wa viti naona mko wengi. Na mtu mmoja hapo nyuma bado anakula."

Mtu wa nyuki akaweka pasti yake chini.

"Leo hatutatazama kitu," Delphine akaendelea. "Tutasikiliza. Nani ataniazima tovuti yake?"

Kaisa aliinua mkono. Kisha akakumbuka mkono hauna maana, akasema, "Mimi hapa, dada. Blogu yangu ni ya picha za ziwa. Watu wanaipenda."

"Vizuri. Tusikilize wanachopenda."

Delphine aligusa simu yake. Ile sauti ya mashine, isiyo na furaha wala huzuni, ikajaza ukumbi.

"Picha. Picha nzuri Ziwa Superior. Picha bora barafu Marquette. Michigan kaskazini ziwa picha nzuri. Picha bora za ziwa."

Akaenda kwenye picha ya pili.

"Picha. Picha nzuri Ziwa Superior. Picha bora barafu Marquette."

Na ya tatu hivyo hivyo. Watu wakacheka. Kaisa naye akacheka kidogo, uso umemwiva.

Delphine hakucheka. "Dada, haya maneno umeyaandika wewe?"

"Ndiyo. Nilifundishwa hapa hapa, mwaka juzi. Msemaji mmoja alisema kila picha ina kisanduku nyuma yake, watu hawakioni. Alisema tukijaze maneno ambayo watu wanayatafuta mtandaoni, ili tovuti ipande juu."

Wengi ukumbini waliinamisha vichwa. Nao walikuwa wamejaza. Changu mimi kilikuwa kitupu kabisa, sijui kipi ni kibaya zaidi.

Hapo ndipo Mzee Reino aliposema, kwa sauti ya mtu anayetambua wimbo, "Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo inayoniamkia kila siku."

Kaisa akamgeukia. "Baba? Si ulikuwa unaziona?"

"Ya mwisho kuiona ni ile ya mnara mwekundu wa taa, una theluji upande mmoja."

"Hiyo ni ya miaka miwili iliyopita, baba."

"Ndiyo hiyo."

"Na kila siku unaniambia nzuri."

"Uliipiga wewe. Tena mashine inasema ni bora. Mimi ni nani nibishane nayo?"

Watu wakacheka tena, lakini Kaisa alikuwa analia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, mama," mzee alisema. "Kila siku wasomaji elfu ngapi sijui. Nilisema nisikuharibie."

Delphine alisubiri wamalize. Kisha akazungumza taratibu, na mimi nilisahau kuangalia saa.

"Kisanduku hicho si cha kufichia matangazo," alisema. "Ni mlango wetu sisi. Mwenye macho anapita kwenye picha. Mimi napita hapo. Ukiandika 'picha nzuri', umeniambia umeipenda. Hujaniambia kuna nini."

"Basi niandike yote yaliyomo?" Kaisa aliuliza.

"Yote ya nini? Utanichosha. Jifanye unamsimulia mtu kwa simu. Sentensi moja au mbili. Ni nini kile, kinafanya nini, na kwa nini ulisimama ukapiga picha. Usianze na 'hii ni picha ya', mashine imeshasema ni picha. Na kama picha ina maandishi, tuseme tangazo la mkutano, yaandike yale maandishi. Mwaka jana nilikosa mkutano huu. Tarehe ilikuwa ndani ya picha, kisanduku kitupu."

Aliyetengeneza lile tangazo alikuwa mtu wa nyuki. Alikohoa.

"Na zile picha za pambo tu?" aliuliza haraka. "Mistari, maua ya pembeni?"

"Hizo acha kisanduku wazi, mashine ipite kimya. Huhitaji kunielezea pazia."

"Lakini wasomaji si watapungua?" mwingine akauliza. "Mitambo ya kutafuta inataka yale maneno."

"Mitambo hiyo nayo inasoma ulichoandika. Ieleze kweli, itaelewa. Irundikie maneno, siku moja itakushusha. Ukimaliza, fumba macho, washa sauti, usikilize ukurasa wako mwenyewe. Usiponielewa mimi, hapo utaelewa."

Zamu ya Kaisa ikafika. Alipanda na karatasi zake. Akazitazama, akazikunja, akazitia mfukoni. Ukutani aliweka picha ya asubuhi ile.

"Nilikuwa niwaambie nilivyopata wasomaji elfu nne," alisema. "Kumbe mmoja nilimpoteza, na yuko nyumbani kwangu. Nisaidieni nimsimulie. Baba, kuna barafu."

"Barafu ipi?" mzee alisema. "Barafu ziko nyingi."

"Vipande."

"Vikali au mviringo?"

"Mviringo. Kingo zimeinuka."

"Chapati, basi. Tunaiita barafu ya chapati. Imeshikana au inaelea?"

"Inaelea. Kuna njia ya maji meusi katikati."

"Inaelekea wapi?"

Kaisa akasogea karibu na ukuta. Alikuwa ameipiga yeye, lakini nadhani ndiyo alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. "Inaelekea kwenye gati la kupakia mawe ya chuma, baba. Halafu inapinda."

Mzee Reino alifumba macho. Theluji ilidondoka, na hakuna aliyegusa kikombe.

"Upepo umetoka kusini," alisema mwishowe. "Ndani ya wiki moja meli ya kwanza itaingia."

Kadi zangu zilikuwa chini ya kiti. Dakika ishirini zilipita, na nyingine juu yake. Sikumwambia mtu akae chini.

Wiki ile Kaisa alianza kurekebisha. Picha zilikuwa mamia. Alizirudia nne nne kila jioni baada ya kazi, na baba yake kando yake anauliza barafu ipi. Mimi nilijaza visanduku vya picha zangu za soksi. Wasomaji wa Kaisa walipungua kidogo, kisha wakarudi. Mwanamke mmoja kutoka Saskatchewan, asiyeona tangu kuzaliwa, alimwandikia kwamba sasa naye ana ziwa.

Na simu ya asubuhi ikawa ndefu tena. Siku mbili watoto wa shule walichelewa, na mimi ndiye niliyempigia Kaisa kumkumbusha kwamba ana basi.

Jumamosi moja ya Mei mzee alisema anataka kushuka ufukweni mwenyewe. Alivaa tai.

"Baba, tai ya nini?"

"Nakwenda kumwona mtu."

Nilimshika mkono mmoja, Kaisa mwingine. Tulishuka hatua kwa hatua, magoti yake yakilalamika, yeye akiyajibu. Tulipofika, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hapakuwa na ziwa, gati wala mbingu. Palikuwa na weupe tu, na sisi ndani yake.

"Leo sina picha, baba," Kaisa alisema. "Sioni hata mawe."

"Basi leo tuko sawa. Piga tu, mimi nitakutajia."

Alipiga. Mzee akasogea mbele kidogo, akainua kichwa, akasikiliza. Kisha akasema maneno na Kaisa akayaandika. Nilimwona akiongeza kitu mwenyewe mwishoni, bila kumwambia.

Mzee alitoa simu yake, akaigusa. Ile sauti ya mashine ikasema ndani ya ukungu:

"Picha. Ukungu mzito, ziwa halionekani. Barafu imekwisha, maji yanagonga mawe taratibu, na mbali meli inapiga honi. Baba yangu amesimama upande wa kushoto, amevaa tai."

Mzee Reino aliinua mkono, akaishika tai yake.

"Leo inasoma vizuri," alisema.