Mkono wa Kuazima

Kila Jumamosi asubuhi majira ya baridi, Delia Nowicki na shangazi yake Lottie hukung'uta theluji viatuni na kuingia katika ukumbi wa bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe zito kuangusha pini kumi, mtaani kwao, Milwaukee. Delia, msichana wa miaka kumi na miwili, alizoea kuchezea matufe ya ukumbi, ambayo matundu yake yalimpwaya vidole. Jumamosi hii Shangazi alibeba tufe jipya la buluu, lisilo na tundu hata moja. Alikuwa amefanya kazi za ziada kiwandani tangu kiangazi ili amnunulie.

Wa kulitoboa matundu ya vidole alikuwa Bwana Walt Stachowiak, mwenye duka la vifaa humo ukumbini.

"Kwanza nione unavyoliachia tufe," alimwambia Delia. "Ndani ya hili jipya kuna kiini kizito. Nikitoboa huku, linapinda mapema. Nikitoboa kule, linachelewa. Mkono wako ndio utakaoniambia pa kutoboa. Chukua tufe la ukumbi, ucheze kawaida yako."

Kwenye njia ya kuviringishia iliyo jirani alikuwa akicheza Tricia, nahodha wa timu yao ya watoto. Tufe la Tricia lilipinda kama lililovutwa kwa kamba na kuzizoa pini.

"Jamani, tulieni," Tricia alicheka. "Delia huviringisha kama anamlaza mtoto mchanga. Msije mkamwamsha!"

Masikio ya Delia yakawaka moto. Alipoliachia tufe, akazungusha kifundo cha mkono kwa nguvu zote, kama afanyavyo Tricia. Likapinda kweli. Akarudia, na kifundo kikamchoma.

Bwana Walt alichunguza pete za mafuta yanayopakwa njiani, zilizobaki juu ya tufe na kuonyesha lilivyozunguka. "Huu ndio mkono wako wa kila siku?"

"Ndiyo," Delia alijibu, macho chini.

"Umeona, Walt?" Shangazi, ambaye kwa kawaida hukaa akiongea na rafiki zake mbali na njia, alisema kwa furaha. "Damu ya Nowicki hiyo!"

Dukani, Bwana Walt alichora alama juu ya tufe la buluu na kulibana chini ya keekee, mashine yake ya kutobolea. "Mkono mkali hivi unataka tufe litulizwe," alisema, "la sivyo litapinda kupita kiasi."

Mkono halisi wa Delia ulikuwa mpole. Kwa mkono huo, tufe lililotulizwa lingeenda moja kwa moja kama treni, bila kupinda. Angeweza kujifunza kuzungusha kama Tricia? Kifundo bado kilimuuma. Na akisema sasa, Shangazi ataaibika mbele ya Bwana Walt. Keekee ikaanza kunguruma, ncha yake ikashuka taratibu.

"Subiri! Usitoboe!"

Bwana Walt akazima mashine. Ncha ilikuwa karibu kugusa.

"Sio mkono wangu," Delia alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilimwiga Tricia. Samahani, Shangazi."

Uso wa Shangazi ukabadilika. "Delia! Miezi yote ile ya kazi, halafu unaniachia nijigambe bure?"

"Hebu mwache kidogo, Lottie," Bwana Walt alisema, akifuta alama zake kwa kitambaa. "Haya binti, turudi njiani."

Tricia alikuwa bado pale. Hata hivyo, Delia akaliachia tufe kwa upole wake wa siku zote. Bwana Walt alizitazama pete mpya, akachora alama mahali pengine kabisa. Keekee iliponguruma tena, Delia alishika mkono wa Shangazi, naye Shangazi hakuuondoa.

Baadaye tufe la buluu liliteleza juu ya mafuta, likanyooka, likanyooka, hata Delia akaziba macho. Kisha likapinda kuelekea pini. Pini tisa zikaanguka.

"Aa, moja imebaki!" alilalamika.

"Hiyo utaiangusha kwa mazoezi," Shangazi alisema, akimkumbatia. "Lakini sikia, mwanangu. Fundi hupima mkono unaompelekea. Ukimpelekea wa kuazima, atakutengenezea kitu cha mwenzako, na wewe utabaki huna chako. Sema kweli mapema, kabla keekee haijagusa."