Kikombe cha Pili cha Chumvi

Kila siku kabla jua halijachomoza vizuri, nyumba ile ilikuwa imeshanukia mkate. Baba alikuwa mwokaji, na chumba cha tanuri kilishikana na jiko la nyumbani, kwa hiyo hata aliyelala chumba cha mwisho aliamshwa na harufu hiyo. Mama alifunga mikate kwa karatasi. Baba aliipanga kwenye sanduku la baiskeli. Binti yao wa miaka kumi na miwili alifagia unga sakafuni huku akibishana na yeyote aliyekuwa karibu, na asipompata mtu alibishana na ufagio. Ndiyo maana wazazi, majirani na wateja wote walimwita Mbishi, naye aliitika bila kinyongo.

Aliyelijenga tanuri lile ni Bibi, mama yake Baba. Sasa magoti yalikuwa yanamsumbua, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kwenye kiti karibu na mlango na kukosoa. Kinyunya, yaani ule unga uliokandwa tayari kwa mkate, alikijua kwa sauti tu. "Bado hicho," angesema bila hata kugeuka. "Kanda." Na Baba, mtu mzima mwenye ndevu zake, alirudi kukanda.

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya mwisho wa mwaka, Mbishi alimsindikiza Bibi zahanati. Nesi alimfunga Bibi mkanda wa kipimo mkononi, akatazama namba, kisha akapima tena.

"Mama, presha yako iko juu sana," alisema. "Dawa umeze kila siku bila kuruka. Na chumvi tuipunguze, tena kuanzia leo."

"Mimi nimekula chumvi miaka sabini," Bibi akajibu.

"Hiyo miaka sabini ndiyo ninayoiona hapa kwenye kipimo."

Mbishi hakuwa mtu wa kukaa kimya. "Asipopunguza itakuwaje?"

Nesi alimtazama, akaona hakuna haja ya kumdanganya. "Anaweza kupooza. Anaweza kuanguka siku moja asiinuke."

Maneno hayo yalimkaa Mbishi rohoni. Alimpenda Bibi yake kuliko alivyopenda kubishana, na hilo si jambo dogo. Tangu siku hiyo alimkumbusha dawa asubuhi, na Mama akapunguza chumvi kwenye mboga. Bibi alinung'unika wiki nzima kwamba analishwa maji ya kuoshea vyombo, lakini alikula.

Tatizo lilikuwa mkate wa sikukuu. Kila mwisho wa mwaka familia yote ilikusanyika kwenye chumba cha tanuri na kukanda kinyunya kimoja kikubwa kwenye karai, kila mtu kwa zamu, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Mkate huo haukuuzwa. Uliliwa kwa siku tatu, asubuhi, mchana na jioni, na kipimo chake hakikuwahi kuguswa: hamira vijiko vinne, chumvi vikombe viwili vya bati. Hiyo ilikuwa chumvi nyingi kuliko mkate wowote aliouoka Baba mwaka mzima. Kinyunya kikishakandwa, kilifunikwa kwa kitambaa na kuachwa kwa muda wa saa nne kamili, na ilikuwa marufuku mtu yeyote kufunua.

"Baba," Mbishi alisema siku chache kabla, "mwaka huu tupunguze chumvi kwenye mkate wa sikukuu."

"Mkate huo hauguswi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ulivyo. Ukiubadilisha si ule tena."

"Basi Bibi asile."

Baba aliacha kupanga mikate. "Wewe umwambie Bibi yako asile mkate wake mwenyewe? Haya, kamwambie."

Mbishi alikwenda. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Nesi ameninyang'anya mboga, nikanyamaza. Huu mkate nitaula hata akija kusimama mlangoni. Na wewe usinipangie."

Kwa hiyo Mbishi alikuwa amezungukwa. Baba hataki, Bibi hataki, Mama anasema tuyaache hayo hadi sikukuu ipite. Kila akimwona Bibi akijivuta kuinuka kitini alilisikia lile neno la nesi. Wao waseme watakavyo, aliwaza, mimi sitakaa hapa namwangalia Bibi anajiua kwa mkate.

Mwaka ule kazi ya kupima chumvi ilikuwa yake. Ilikuwa heshima: mtoto akitimiza miaka kumi na miwili alipewa kikombe cha bati mbele ya wote. Hamira ilipewa binamu yake wa miaka tisa, binti wa Shangazi, aliyekuja na mama yake kwa basi jana yake. Watu walimwita Kijiko, kwa sababu alipoingia nyumba yoyote kitu cha kwanza kukitafuta kilikuwa kijiko.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto kali. Kijiko alihesabu vijiko vyake vinne kwa sauti, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kwa umakini. Zamu ya Mbishi ilipofika, aliwapa watu mgongo, akainamia karai, akamimina nusu kikombe. Nusu iliyobaki ya kikombe cha kwanza aliirudisha kwenye gunia la chumvi, na kikombe cha pili alikichota kitupu na kukimimina kitupu, mkono ukitembea kana kwamba una kitu. Hakuna aliyeona. Naye hakujuta hata kidogo.

Walikanda. Bibi alikanda kwanza, akiwa ameketi, halafu Baba, Shangazi, Mama, Mbishi, na mwisho Kijiko aliyezama unga hadi viwikoni. Bibi alikunja uso. "Mbona kinyunya leo ni laini hivi?" Baba akasema labda ni joto. Wakakifunika, wakatazama saa, wakatoka kwenda kufagia ua na kupanga viti.

Sasa, mtu mwenye hila angerudi kimyakimya kuchungulia. Mbishi alikuwa amekaidi kila kitu siku hiyo, lakini sheria ya kutofunua aliitii, kwa kuwa aliikuta na hakuwahi kufikiria kuiuliza. Hiyo ndiyo iliyomponza.

Saa nne zilipotimia, Baba alisukuma mlango na kusimama palepale. Kitambaa kilikuwa kimesukumwa hadi sakafuni. Kinyunya kilikuwa kimeumuka hadi kumwagika nje ya karai, kikateremka miguu ya meza, kikafika kwenye kiti cha Bibi. Katikati kilikuwa kimenywea na kubaki shimo, na harufu ya uchachu ilijaa chumba kizima. Unga wa familia nzima ulikuwa umelala chini.

Baba hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aligeuka polepole. "Hamira," alisema. "Hii ni hamira iliyozidi. Kijiko, uliweka vijiko vingapi?"

"Vinne, Mjomba."

"Vinne havifanyi hivi."

"Niliweka vinne. Nilihesabu."

"Labda ulisahau ukarudia," Shangazi alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya zaidi, maana ulionyesha kwamba hata mama yake hakumwamini. Kijiko alitazama mikono yake kana kwamba ndiyo itakayomtetea.

Mbishi alisimama karibu na gunia la chumvi. Hakuelewa kwa nini kinyunya kimefanya vile. Chumvi na kuumuka vinahusiana nini? Angeweza kunyamaza, na siri ingebaki yake hadi uzeeni. Lakini alimwona Kijiko anafuta machozi kwa mkono wenye unga, uso wote umekuwa mweupe, akashindwa.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi. Kijiko hana kosa. Niliweka nusu kikombe cha chumvi badala ya viwili."

Baba alimtazama. "Unasema nini?"

"Nilikwambia tupunguze, ukakataa. Nilimwambia Bibi, akakataa. Nesi alisema anaweza kuanguka asiinuke, mimi nilikuwepo, ninyi hamkuwepo." Hakuinamisha kichwa. "Nikipewa adhabu nitaifanya. Lakini nikiulizwa kama naona vibaya kupunguza ile chumvi, sioni vibaya. Sitaki Bibi afe kwa sababu ya mkate."

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Baba alikuwa na hasira, ila hasira yenyewe ilikosa mahali pa kushika. Wote walimgeukia Bibi, ambaye kiti chake kilikuwa kimezingirwa na kinyunya na hakuwa na pa kukaa.

Bibi alianza kucheka. Alicheka hadi akashika meza.

"Nusu kikombe," alisema. "Na joto hili, na saa nne. Mnashangaa nini? Chumvi ndiyo breki ya hamira. Ukiitoa breki, gari litaacha kukimbia?"

"Ina maana chumvi haikuwa ya utamu?" Mbishi aliuliza.

"Utamu gani? Nilipoanza kazi hii nilikuwa peke yangu. Baba yako nambeba mgongoni, mikate kichwani, nazunguka mitaa yote kwa miguu. Kinyunya cha sikukuu nilikuwa nakikanda, nakiacha, narudi baada ya saa nne. Nikiweka chumvi ya kawaida nakuta kimenimwagikia kama hivi. Ndipo nikaizidisha ili kinisubiri. Nilikataza kufunua kwa sababu baba yako alikuwa anachovya vidole vichafu."

Baba alikohoa. Shangazi, dada yake mdogo, alitazama dari ili asicheke.

"Kumbe miaka yote hii," Baba alisema, "nakataza watu kufunua kwa ajili ya vidole vyangu."

"Hukuniuliza. Na mimi mwenyewe nilishasahau kwamba ilikuwa shida tu. Nikaifanya ndiyo heshima ya nyumba." Bibi alitazama lile shimo la kinyunya. Alipozungumza tena hakuwa anacheka. "Na ningekufa nikiitetea."

Mbishi aliona nafasi yake imefika, akaidaka. "Bibi, leo hakuna anayekwenda kuuza. Tupo sita. Tuweke chumvi kidogo, tukae hapahapa tukiangalie. Kikifika mahali pake tunakioka, hata kama ni saa moja tu."

"Unga umekwisha kumwagika," Baba alisema.

"Uliogusa sakafu tupa," Bibi akajibu. "Uliobaki kwenye karai ni hamira tosha. Leta unga mpya, tukande tena. Chumvi nusu kikombe, kama alivyoweka mbishi mwenzangu." Kisha akamnyooshea Mbishi kidole. "Lakini wewe bado hatujamalizana."

Kwanza Mbishi alipiga magoti mbele ya Kijiko na kumwomba radhi, mbele ya wote, kwa maneno yaliyokamilika. Kijiko alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema atasamehe akipewa kipande cha pembeni kilichoiva zaidi. Baada ya hapo Mbishi alikwangua kinyunya kwenye sakafu, meza na kiti, peke yake, na mtu ambaye hajawahi kukwangua kinyunya kilichoanza kukauka hajui adhabu ni nini.

Walikanda tena kwa zamu. Safari hii hawakutoka. Walivuta viti wakalizunguka karai, na kila baada ya muda mtu alifunua kitambaa na kuchungulia. Kwa mara ya kwanza Bibi alisimulia mitaa aliyozunguka na wateja waliokuwa wakimfukuza kwa mbwa, mambo ambayo hata Baba hakuwahi kuyasikia, kwa sababu miaka yote saa hizo walikuwa uani wanafagia. Kijiko alichungulia mara kumi na moja, baada ya kunawa kila mara kwa amri ya Bibi. Kabla saa ya pili haijaisha, Bibi alibonyeza kinyunya kwa kidole na kusema, "Sasa."

Mkate ulipotoka, Baba aliuacha upoe kidogo, akaukata. Kabla ya kuugawa alimgeukia binti yake.

"Nisikilize, mwanangu. Ulichokuwa unakitaka kilikuwa sahihi, na mimi niliyekukatalia bila kufikiri nilikosea. Nakubali. Lakini ulikibadilisha kwa siri, na siri yako ikaharibu unga, na karibu imtie mtoto asiye na kosa hatiani. Ungesema wazi mbele ya Bibi mara ya pili, hata mara ya kumi, angetueleza habari za chumvi mapema. Ukiona jambo la nyumba linahitaji kubadilishwa, bishana nasi kweupe. Hatutakufukuza kwa kubishana. Tungetaka kukufukuza kwa hilo, tungekufukuza zamani."

"Ndiyo, Baba," Mbishi alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Baba alipougawa mkate, Bibi alikuwa wa kwanza kutafuna. Wote walimtazama. Alimeza, akakunja uso, akalamba midomo.

"Hauna chumvi," alisema.

"Hauna," Mbishi akajibu, bila kushusha macho.

Walitazamana hivyo, bibi na mjukuu, hakuna aliyekuwa tayari kupepesa kwanza. Kisha Bibi akasukuma sahani yake mbele.

"Nikatie kingine."