Swali Moja Kabla ya Chai

Kila Jumapili, kijana mmoja aliyeitwa Rula aliamua kuwa mtu mpya.

Rula halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi, akisomea kuchora ramani za majengo. Popote alipokaa, rula ilikuwa mkononi au mfukoni. Wenzake wakambandika jina hilo, na nyumbani nako likapokelewa. Jina la kwenye cheti mama yake alilitumia akiwa na hasira tu.

Sasa, kuwa mtu mpya kulihitaji karatasi kubwa. Rula aliitandaza mezani, akatoa kalamu za rangi nne, akachora ratiba ya wiki. Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kukimbia nusu saa. Hesabu kwa saa mbili. Kutoshika simu hadi jioni. Kunywa glasi nane za maji. Malengo yalikuwa kumi na mawili, kila moja na visanduku saba, kimoja kwa kila siku. Ratiba ilikuwa na ukingo, kichwa cha habari na tarehe pembeni, kama ramani ya ghorofa. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshuka. Aliibandika ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akajiona ameshafanya kazi kubwa.

Jumatatu aliamka saa kumi na moja, akakimbia, akasoma. Jumanne aliamka saa kumi na mbili. Jumatano alizima kengele ya simu, kisha akabaki na simu yenyewe kitandani. Alhamisi alipita mbele ya ratiba ameinamisha kichwa. Jumapili akaibandua, akachora nyingine.

"Mbio za sakafuni," mama yake alimwambia kila alipopita na ufagio. Hakuimalizia methali. Rula aliujua mwisho wake.

Na mwisho wenyewe ulifika ndani ya bahasha. Rula alikuwa ameshindwa mtihani wa hesabu za majengo, zile za kujua nguzo inaweza kubeba uzito gani bila kuvunjika. Barua ya chuo ilisema atarudia mtihani baada ya wiki kumi. Akishindwa tena, ataondolewa chuoni. Chini palikuwa na mstari wa mzazi kutia sahihi.

Hapo ndipo palipouma. Baba yake Rula alikuwa fundi wa mabango. Nusu ya maduka ya mtaa ule yalibeba maandishi ya mkono wake: kinyozi, duka la dawa, fundi saa. Lakini miezi mitatu nyuma alikuwa amepata kiharusi. Mguu ulirudi upesi. Ulimi ukarudi wote, pamoja na ukali wake. Mkono wa kulia haukurudi. Ulilala tu mapajani.

"Nileteeni wino," baba alisema. Akachovya dole gumba la kushoto, akaligandamiza kwenye mstari. Aliitazama alama ile kwa muda.

"Fundi wa mabango anaweka dole," alisema. Kisha akafuta kidole chake kwa kitambaa.

Rula alitamani ardhi ipasuke. Barua ya aibu ilikuwa yake, lakini aliyeaibika alikuwa baba.

*

Alhamisi iliyofuata alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alitoka hospitali ambako mama alifanya kazi ya kufua mashuka. Alikuwa dada mrefu, mwenye viatu visivyo na sauti na mkoba uliojaa mipira ya kitambaa. Aliwaamkia, akaketi karibu na baba.

"Baba, ni jambo gani unalifanya kila siku bila kukumbushwa na mtu?"

"Kunywa chai," baba alijibu. "Asubuhi na jioni. Mke wangu akiichelewesha, mtaa mzima unajua."

"Mtaa unajua kweli," mama alisema kutoka jikoni.

"Vizuri. Basi chai ndiyo itakukumbusha. Kabla ya kugusa kikombe, shika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Uinue mpaka usawa wa bega, uushushe polepole. Mara tano."

"Mara tano?" Baba alikunja uso. "Mimi ni mtu mzima, binti yangu. Nipe hamsini."

"Tano. Ukitaka kuongeza, tutaongeza pamoja. Na kila ukimaliza, weka alama mahali unapoiona."

Rula alikuwa mezani, akiongeza rangi kwenye ratiba ya wiki ile. Moyoni alicheka. Baba yake hakuwahi kumtii daktari, mwenye nyumba wala mvua. Huyu atainua mkono kwa siku mbili, basi.

Lakini siku ya tatu baba aliinua mkono. Siku ya nne pia. Alikuwa ameomba kipande cha ubao wa zamani na chaki. Baada ya kila zoezi, mkono wa kushoto ulichora mstari mdogo uliopinda. Wiki ilipokwisha, kulikuwa na mistari kumi na minne. Ukutani, ratiba ya Rula ilikuwa na visanduku themanini na vinne. Vilivyojazwa ni tisa.

Jambo hili lilimkera Rula, kisha likaanza kumwashia udadisi. Baba hana kengele wala kalamu za rangi. Anafanyaje?

Akaanza kumpeleleza. Alikaa na kitabu usoni kama anasoma, jicho moja likiwa kwa mzee. Aliona kwamba baba hakuwahi kujiuliza kama ana hamu. Birika lililia, mkono ukapanda. Jioni moja baba alikuwa amenuna kwa sababu ya mvua, na bado mkono ulipanda, umenuna vilevile.

Kisha wakaja wageni. Jioni nzima ilijaa mazungumzo. Chai ilinywewa, zoezi likasahaulika. Rula alilala akisema kimoyomoyo, "Haya, sasa tumefanana."

Asubuhi alikimbilia mezani kuangalia. Baba aliacha nafasi tupu kwenye ubao. Halafu akainua mkono mara tano, akachora mstari upande wa pili wa ile nafasi.

"Baba, mbona hukuanza ubao mpya?"

"Ubao mpya wa nini?"

"Si umekosa siku?"

"Nimekosa chai moja. Kuteleza si kuanguka, mwanangu. Na mbao za kutupa ninazo wapi?"

Rula alitazama chumbani kwake. Chini ya kitanda kulikuwa na karatasi kumi na tisa zilizokunjwa vizuri.

*

Alhamisi, siku ya mtaalamu kuja, Rula hakusubiri. Mtaalamu alipomaliza kumpima baba, alimfuata mpaka mlangoni.

"Dada, samahani. Baba anawezaje, na mimi siwezi?"

"Huwezi nini?"

Rula akamwonyesha ratiba. Mtaalamu aliisoma yote, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hakucheka.

"Ni nzuri sana. Umeichora kwa muda gani?"

"Jumapili nzima."

"Na Jumapili hiyo ulifanya hesabu ngapi?"

"Hata moja."

"Sikuulizi ili nikuumize," dada alisema. "Nawaona wengi. Mgonjwa anataka kutembea, kupanda ngazi na kwenda sokoni, vyote wiki moja. Anajichosha, anakata tamaa. Hapa umeandika mambo kumi na mawili. Kuna moja ambalo ukilikosa utalia?"

"Hesabu. Nikishindwa tena, nafukuzwa."

"Basi hayo kumi na moja yapumzike. Sasa niambie, hesabu utafanya saa ngapi?"

"Nikipata nafasi."

"Nafasi haiji. Baba yako hakuambiwa afanye mazoezi akipata nafasi. Aliambiwa kabla ya chai. Wewe chai hunywi?"

"Nakunywa."

"Kwa hiyo?"

Rula akatabasamu polepole. "Swali moja kabla ya chai?"

"Moja tu. Hata siku ukiwa umechoka, moja haliwezi kukushinda. Ukiwa na nguvu, endelea, lakini deni lako ni lile moja. Halafu lifanye liwe rahisi kuanza. Daftari liko wapi?"

"Kwenye begi."

"Begi liko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Na simu?"

Rula aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake.

Dada akacheka sasa. "Umeona? Simu iko karibu kuliko daftari. Badilisha. Jioni lifungue daftari mezani, kalamu juu yake. Simu ikalale jikoni. Na ukikosa siku, usikose ya pili. Basi. Hakuna uchawi hapa."

"Na nitakuwa nimezoea baada ya siku ngapi?"

"Hilo sijui. Kuna mtu wiki tatu, kuna mtu miezi. Jaribu, halafu uniambie wewe."

*

Jioni ile baba na mwana walikaa meza moja. Birika lililia. Baba aliinua mkono. Rula alifungua swali la kwanza: boriti yenye urefu wa mita nne. Lilimchukua dakika ishirini, na alikosea.

"Chai inapoa," baba alisema.

"Kunywa tu, baba."

"Sinywi. Tumeanza pamoja."

Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Haya makubwa. Nyumba hii sasa chai ina mtihani wa kuingia!" Lakini tangu siku hiyo hakumimina chai mpaka aone alama mbili kwenye ubao, moja ya baba na moja ya mwana.

Siku za mwanzo swali moja lilimwonea Rula. Alilifanya kwa kununa, kama baba siku ya mvua. Wiki ya pili aligundua jambo la ajabu: kazi ngumu ilikuwa kukaa na kushika kalamu. Akishaanza, swali la pili lilijileta lenyewe. Wiki ya tatu alikuwa akifanya manne au matano, na pale alipokwama aliweka duara, kesho yake akamuuliza mwalimu. Mwalimu alishangaa. Alikuwa hajawahi kuulizwa na Rula kitu chochote isipokuwa kama ana karatasi kubwa.

Mkono wa baba nao ulitembea taratibu. Mara tano zikawa kumi. Akapewa mpira wa kitambaa wa kufinya, baadaye kijiko, baadaye brashi aliyofungia kitambaa kwenye mpini iwe nene. "Si kila mkono unarudi wote," mtaalamu aliwaambia kwa uwazi. "Lakini usiotumika haurudi kabisa."

Wiki ya sita Rula alianguka. Ijumaa walicheza mpira chuoni, akarudi hoi, akalala bila swali wala chai. Jumamosi asubuhi akatoka mapema. Jioni akasema ataanza upya Jumatatu. Jumapili alijikuta ametandaza karatasi kubwa, kalamu nne zimepangwa, rula iko mkononi.

Alichora mstari wa kwanza. Ulikuwa umenyooka sana. Alihisi ule utamu wa zamani, utamu wa kuwa mtu mpya kabla ya kufanya lolote.

Kisha macho yakaenda kwenye ubao. Upande wa baba kulikuwa na mapengo matatu tangu mwanzo, na baada ya kila pengo, mstari. Wiki zote hizi Rula alidhani adui yake ni uvivu. Kumbe adui alikuwa ameshikwa mkononi, ana sentimita thelathini.

Aliiweka rula droo ya chini. Akafungua daftari, akafanya swali moja. Akaacha pengo kwenye ubao, akachora alama.

Baba alikuwa akimtazama kwenye kiti chake. "Umeteleza?"

"Nimeteleza, baba."

"Karibu chai."

*

Mtihani ulifanyika wiki ya kumi. Swali la tatu lilikuwa boriti. Rula alipoliona alisikia birika likilia kichwani, akaanza bila kujiuliza kama ana hamu.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Rula aliingia nyumbani na bahasha mkononi. Mama aliichukua, akaisoma kwa midomo, akapiga kigelegele ambacho jirani wa nyumba ya tatu alikisikia.

"Amefaulu! Anaingia mwaka wa tatu!"

Chini ya barua palikuwa na mstari wa mzazi kutia sahihi. Mama alikwenda kuleta wino, akauweka mbele ya baba.

"Uondoe huo," baba alisema.

Akainua mkono wa kulia mara tano, peke yake, bila msaada wa kushoto. Rula akamzungushia kitambaa kwenye kalamu iwe nene. Baba aliishika. Mkono ulitetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena. Herufi ya kwanza ilichukua muda mrefu kuliko bango zima la duka la dawa. Hakuna aliyesogea. Alipomaliza, jina lake lilikuwa limelala upande, herufi kubwa na ndogo zikisukumana.

"Herufi zimelewa," baba alisema. "Bango kama hili ningemrudishia mwenyewe pesa zake." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyaficha. Mama alilia waziwazi. Rula alishika bega la baba yake na hakuliachia upesi.

Birika likaanza kulia jikoni. Rula akavuta kikombe.

"We!" mama alisema huku akifuta uso kwa kanga. "Alama ya pili iko wapi?"

"Mama, si nimeshafaulu?"

"Mimi sijauliza kuhusu kufaulu. Nimeuliza kuhusu chai."

Rula alicheka. Akasogeza barua pembeni ili wino ukauke, akalivuta daftari, akatafuta swali la leo.